Hosteli za makontena: tuzikubali au tuzikatae?

Mwanzisha mada
Hoja ninayoisikia ni hii: badala ya kungoja jengo la mawe, vyumba vitengenezwe karakanani, viletwe na lori, vipangwe kwa kreni, na wanafunzi waingie muhula ujao. Makontena matupu hayakosi Mombasa, maana Kenya huagiza mizigo mingi kuliko inayouza nje. Eti huko ndiko kujenga bila kuchafua mazingira.

Mimi napinga. Nimeishi ndani ya kontena mwaka mzima huko Juja. La futi 20 lina upana wa ndani wa mita 2.35 tu, na letu halikuwekwa chochote cha kuzuia joto wala baridi. Februari mchana hukai ndani. Julai alfajiri, pumzi zetu sisi wawili zinageuka maji darini na kudondokea notsi. Nililala na daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Tulipolalamika, msimamizi akatuambia tufungue dirisha. Kwa baridi ile!

Fundi, Githurai
Pole, lakini hapo alikosea aliyejenga. Amsterdam waliweka makontena kama 1,000 ya wanafunzi pale Keetwonen, kila moja na choo na bafu lake. Yalipangiwa miaka 5, yakakaa zaidi. Na kwani lazima kontena? Shirika la Nyumba la Taifa lina kiwanda cha paneli za EPS huko Mavoko: povu gumu la plastiki katikati, wavu wa chuma pande zote mbili, plasta unapiga hapo hapo saiti. Paneli ni nyepesi, watu wawili wanainyanyua, na chumba hakitoi jasho.

Mwenye ploti, Kahawa
Vijana wangu, mnabishana kuhusu ukuta na mimi nimekwama njiani. Kichochoro changu kinapitisha pikapu, nyaya za stima zinaning'inia. Hiyo kreni itapitia wapi? Halafu nilienda benki kuomba mkopo, wakaniuliza kama kontena ni jengo au ni mali ya kuhamishika. Mawe ya kujengea ya Ndarugo hakuna aliyeniuliza ni nini.

Mwanzisha mada
Fundi, paneli nazikubali, kontena bado. Mzee, hilo la benki halikunijia akilini kabisa. Mwishowe walikupa?

Mwenye ploti, Kahawa
Walinipa. Wa jengo la mawe.