Polisi wa miji midogo Marekani, ule utepe mweusi kwenye beji ni wa nini?

Kibuyu_Tupu: Wakuu, naonaga picha za polisi wa vimji vya Marekani beji imezungushiwa kautepe keusi katikati. Ni sare au kuna msiba? Na kituo chenye askari watano sita kinafanya nini zaidi ya kuandika faini za spidi?

MzeeKaunta: Msiba mkuu. Askari akifia kazini wenzake wanavaa, na tarehe 15 Mei pia coz ndo siku ya kuwakumbuka, imeanza enzi za Kennedy 1962, bendera nusu mlingoti. Washington DC kuna kuta za majina zilizozinduliwa 1991, kila mwaka yanachongwa mengine, uwe wa New York au wa kimji hata kwenye ramani hukioni.

dada_shwari: Mi inayoniumiza ni ile ya redio. Kwenye mazishi dispacha, yule wa kituoni anayewaita askari kwa redio, anaita namba ya marehemu, kimya, anaita tena, kimya, halafu anatangaza zamu yake imeisha. Nilisikia rekodi moja ikabidi nizime

Kigingi: Hiyo ya faini acha utani bana, kituo kidogo askari ni huyohuyo, ajali yeye, bibi kaanguka bafuni yeye, ng'ombe kazagaa barabarani yeye, na akiomba msaada mara nyingi unatoka kwa sherifu wa kaunti, yupo mbali huko.

Kibuyu_Tupu: Daah. Sasa familia inabaki na bendera tu?

MzeeKaunta: Hapana, kuna sheria ya serikali kuu ya 1976, familia inalipwa fidia, na wa vimji wamo. Makaratasi yake sasa…