Kriketi: Hatua ya makundi wameiua wenyewe, halafu eti Kenya 2003 "tulibebwa"

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kila likitajwa Kombe la Dunia la kriketi la ova 50 (ova moja ni mipira sita) hakosekani mtu wa kuleta hadithi ileile: Kenya ilifika nusu fainali 2003 kwa pointi za mezani, bahati ya mtende, na eti ndiyo maana timu ndogo zikapunguzwa, ili mashindano yawe na hadhi. Leo nimeikuta tena, imeandikwa kwa kujiamini kabisa na mtu ambaye naapa hajawahi kufungua kadi ya matokeo ya mwaka ule. Mods, uzi huu msiuunganishe na ule wa ligi ya India. Huu una kesi yake.

Kundi B la 2003 lilikuwa na Sri Lanka, New Zealand, West Indies, Afrika Kusini waliokuwa wenyeji, Bangladesh, Kanada na sisi. Timu saba, zinapita tatu, ushindi pointi 4. Sisi tulimaliza na 16: Kanada tuliipiga Cape Town, Sri Lanka Nairobi, Bangladesh Johannesburg, na zile 4 za New Zealand waliokataa kukanyaga Nairobi. Ndiyo, ukizitoa hizo 4 tunabaki na 12, na West Indies na Afrika Kusini wenye 14 kila mmoja wanatupita. Hesabu hiyo siikatai. Ninachouliza ni kimoja: nani aliyezuia mechi isichezwe? Sisi tulikuwepo. Uwanja ulikuwepo. Asiyetokea ndiye anayepoteza, hata kwenye ndondo za mtaani sheria ni hiyo.

Tena msiniambie habari ya uwanja usiojulikana. New Zealand wanaijua Gymkhana ya Nairobi kuliko wengi wenu humu. Oktoba 2000 walicheza fainali ya mashindano ya ICC, baraza la kriketi la dunia, palepale, India wakafunga mikimbio 264 (mikimbio ndiyo alama za kriketi), Sourav Ganguly 117, na Chris Cairns akabaki uwanjani na 102 mpaka ushindi ukapatikana zikiwa zimesalia mipira miwili. Lilikuwa kombe la kwanza la ICC kwa nchi yao, wamelibebea Nairobi. Miaka miwili na ushei baadaye Nairobi hiyohiyo hailaliki.

Hofu yao naielewa, sitaki kuwa mnafiki. Novemba 2002 palilipuliwa Kikambala, pwani yetu, watu wakafa. Na wachezaji haohao Mei ya mwaka huo walikuwa Karachi bomu lilipolipuka nje ya hoteli yao. Mtu aliyepitia hilo ana haki ya kuogopa. Lakini akiogopa ni yeye, gharama zisihamishiwe kwa aliyebaki nyumbani akiwa amevaa jezi. Sri Lanka walikuja. Wakacheza. Wakafungwa.

Na hapa ndipo wengi hamjui kisa kilikoanzia. Kombe la 1996, baada ya lile bomu la Benki Kuu pale Colombo, Australia na West Indies waligoma kwenda Sri Lanka kucheza mechi zao za makundi. Sri Lanka wakapewa ushindi wa mezani mara mbili. Mara MBILI. Kenya je? Kenya tulikwenda. Tulitia timu Kandy tarehe 6 Machi na tukachapwa 398 kwa wiketi 5 (yaani wapigaji wao 5 tu ndio waliotolewa), rekodi ya dunia kwa wakati ule, tukajibu 254. Kipigo cha aibu, lakini tulikwenda. Sri Lanka wakaendelea mpaka wakachukua kombe, na mpaka leo sijamsikia mtu akisema bingwa wa 1996 alibebwa na makundi. Nitajieni mmoja. Ila Kenya ikipewa moja, hiyo inakuwa doa la milele.

Sasa hiyo mechi ya Sri Lanka yenyewe. Jumatatu, 24 Februari 2003. Tulipiga kwanza, tukakusanya 210 kwa wiketi 9, Kennedy Otieno akifungua na kufunga 60. Mikimbio 210 dhidi ya Sri Lanka yenye Aravinda de Silva, yule aliyewapiga Australia 107 kwenye fainali ya 1996, si kitu cha kukufanya ulale. Halafu akaja mdogo wake Otieno, Collins Obuya, kijana wa mipira ya kuzungusha. Mpira wake haukuwa na kasi. Unapaa taratibu, mpigaji anauona vizuri kabisa, anajipanga, unadunda, unakwenda upande asioutarajia. Ova 10, mikimbio 24, wiketi 5. De Silva yumo. Mahela Jayawardene yumo. Kumar Sangakkara yumo. Sri Lanka nzima nje kwa 157, tumeshinda kwa 53, na vijana wakauzunguka uwanja mbele ya watu wao. Hiyo meza iko wapi hapo?

Na mkitaka kujua kwa nini Afrika Kusini walitoka, msitafute Kenya. Walitolewa Durban na karatasi yao wenyewe. Mvua inakaribia, jedwali la Duckworth-Lewis, lile la kukokotoa mikimbio ya ushindi mvua ikikatiza mechi, liko mkononi, wakasoma vibaya mikimbio ya sare wakidhani ndiyo ya ushindi, na Mark Boucher akauzuia mpira wa mwisho badala ya kutafuta hata mkimbio mmoja. Mechi ikaisha sare na Sri Lanka, wenyeji wakafunga mabegi. Hilo nalo tulilipanga sisi?

Kwenye Sita Bora, hatua iliyofuata makundi, tulimfunga Zimbabwe kwa wiketi 7 pale Bloemfontein, uwanjani, jua linawaka. Na mbele ya Australia, ambao kwenye kombe lile hawakupoteza mechi hata moja, Aasif Karim, mtoto wa Mombasa, miaka 39, mtu aliyekuwa ameshastaafu na aliyewahi pia kuichezea Kenya tenisi ya Davis Cup, alirusha ova 8 na mipira 2 akatoa mikimbio 7 tu. Saba! Ova 6 kati ya hizo hazikutoa kitu, na wiketi 3, ikiwemo ya Ricky Ponting. Tulifungwa, ndiyo, lakini mchezaji bora wa mechi alikuwa mzee wetu. Kisha nusu fainali India wakatutoa kwa mikimbio 91, nasi tukawapa mkono.

Basi, hilo nimelimaliza. Kinachonichoma zaidi ni kilichofuata, kwa sababu hapo ndipo uongo ulipo.

2007 kule West Indies ICC walileta timu 16, makundi manne ya timu nne. Tarehe 17 Machi, siku moja, Bangladesh wakamfunga India Port of Spain na Ireland wakamfunga Pakistan Kingston. Timu mbili zenye watazamaji wengi kuliko zote duniani zikatoka kwenye makundi baada ya mechi tatu tu kila moja. Wenye runinga wakalia, wenye matangazo wakalia. Na hapo ndipo nyimbo zikaanza: mashindano ni marefu mno, timu ndogo zinapunguza ladha, vipigo vya upande mmoja.

Mashindano ni marefu? Chukueni kalamu. 2011 timu zilikuwa 14, mechi 49, kuanzia 19 Februari hadi 2 Aprili. Siku 43. 2019 wakapunguza zikabaki 10, kila moja inacheza na kila moja. Mechi 48, kuanzia 30 Mei hadi 14 Julai. Siku 46. Wamefukuza nchi nne, wameokoa mechi MOJA na wameongeza siku tatu. Sasa nani alikuwa anapoteza muda? Nia haikuwa kufupisha kitu. Nia ilikuwa India apate mechi 9 za uhakika hata akicheza ovyo, ili isitokee tena ajali ya Port of Spain. Mfumo wa kundi moja la timu 10 ni bima ya mwenye runinga, semeni hivyo tuelewane.

Na tendo lenyewe walilifanya bila hata haya. Machi 2011 Ireland wanaifukuzia Uingereza mikimbio yake pale Bengaluru, wanazipata 328, Kevin O'Brien anafikisha 100 kwa mipira 50. Mwezi uliofuata, ICC inatangaza kombe lijalo ni la timu 10, bila hata nafasi ya kufuzu. Kelele zikapigwa mpaka wakarudisha 14 kwa 2015, kisha 2019 wakafanya walichotaka. Mchujo wa mwisho Harare 2018, Scotland wanawafukuzia West Indies mikimbio yao, mwamuzi anamtoa Richie Berrington kwa mpira uliomgonga mguuni, eti ungegonga vijiti vyake, ambao marudio yalionyesha unapita nje, hakuna teknolojia ya kukata rufaa kwa sababu mechi za maskini haziwekewi, mvua inashuka, Scotland wanakosa kwa mikimbio 5. Kombe la Dunia la 2019 likachezwa bila nchi mwanachama mshirika hata moja, yaani zile ndogo zisizo wanachama kamili wa ICC. Ndiyo "dunia" hiyo.

Vipigo sasa. Najua mtaniletea Chennai 2011, Kenya wote nje kwa 69, New Zealand wakamaliza kazi ndani ya ova 8. Leteni, sikimbii. Nami nawaletea Mumbai, 2 Novemba 2023: Sri Lanka, bingwa wa zamani, mwanachama kamili, wote nje kwa 55 mbele ya India. Hamsini na tano. Kuna aliyeandika kwamba Sri Lanka ipunguzwe? Na mwezi uliotangulia Uholanzi walimfunga Afrika Kusini pale Dharamsala kwa mikimbio 38, wakiwa timu pekee ndogo iliyoruhusiwa kuingia.

Kwenye mashindano hayohayo ya 2011 Collins Obuya alisimama mbele ya Australia na kubaki na 98 bila kutolewa. Yuleyule wa 2003. Alikwenda Warwickshire baada ya kombe lile, goti likamwangusha, urushaji wake ukapotea, akajijenga upya kama mpigaji. Ilibaki mikimbio miwili tu afikishe mia. Mahali pekee ambapo mtu kama yeye anakutana na Australia ni hatua ya makundi. Hakuna anayewaalika Kenya kucheza mfululizo wa mechi. Baada ya kufika nusu fainali, mwaka 2005 mzima hatukucheza mechi rasmi ya siku moja hata moja. Ukiifunga hatua ya makundi umefunga mlango wote.

Najua pia mtasema viongozi wetu. Ni kweli, walikula, waligombana, wachezaji wakagoma, Maurice Odumbe akafungiwa miaka mitano 2004. Hilo lina uzi wake na mimi ni wa kwanza kutukana. Lakini kwa mgao uliopitishwa 2023, India peke yake inachukua asilimia 38.5 ya fedha za ICC, na nchi washirika zaidi ya 90 zinagawana asilimia 11 na ushei. Hata ukileta malaika pale Nairobi, atajenga nini na hizo?

Wenzetu wa Uganda walipofunguliwa mlango kwenye Kombe la Dunia la ova 20, 2024, timu zikiwa 20, walifika kwa kumpindua Zimbabwe kwenye mchujo, wakashinda mechi, na Frank Nsubuga wa miaka 43 akarusha ova 4 kwa mikimbio 4. Hadhi ya mashindano ilipungua wapi?

Sasa 2027 wamerudisha timu 14, makundi mawili ya saba, mfumo uleule wa 2003 waliotuambia haufai. Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia ndio wenyeji. Na hata hapo wameshindwa kujizuia: Afrika Kusini na Zimbabwe wanaingia moja kwa moja, Namibia anayefungua viwanja vyake anaambiwa akafuzu kwanza kwa sababu si mwanachama kamili. Yaani unaweza kupika, kutandika na kuambiwa kula ni kwa wageni.

Sisi tulipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja, hizi za ova 50, 2014, tena kwenye mchujo uliochezwa hukohuko New Zealand. Kwenye ligi ya chini iliyoanza 2024 tuliwekwa na Denmark, Jersey, Kuwait, Qatar na Papua New Guinea. Wakuu wa Dar mnaocheka, na nyinyi mliwekwa ligi hiyohiyo, kundi la pili, na Uganda.

Anayetetea timu 10 karibu, lakini aje na kadi ya matokeo na aanze na zile siku 43 na 46. Matusi sijibu.