Mnunuzi asiye na hatia ana haki gani juu ya picha iliyoporwa vitani?

MwalimuWaKazeh (Tabora)

Wanajukwaa, salaam. Ninafundisha historia kidato cha sita hapa Tabora, na darasa langu limegawanyika kuhusu picha za Adamu na Hawa ambazo Lucas Cranach, bingwa wa Renesansi ya Ujerumani, alizichora kwenye mbao mbili yapata mwaka 1530. Jacques Goudstikker, Myahudi aliyekuwa akiuza kazi za sanaa mjini Amsterdam, alizinunua mnadani Berlin mwaka 1931. Wajerumani walipoivamia Uholanzi mwezi Mei 1940, alipanda meli na mkewe na mtoto wao mchanga, na usiku akiwa safarini akatumbukia katika ngama ya meli akafa. Alikutwa na daftari dogo jeusi lenye orodha ya kazi zaidi ya 1,000 alizoziacha nyuma. Hermann Göring, kiongozi wa Kinazi, akajitwalia picha hizo kwa mauzo ya kulazimisha. Leo zipo katika Makumbusho ya Norton Simon, Pasadena, Marekani, yaliyozinunua mwaka 1971. Wanafunzi wangu wanauliza: aliyelipa fedha zake halali, miaka zaidi ya 30 baada ya uporaji, anyang'anywe kwa msingi gani?

WakiliMwanga (Kigoma)

Mwalimu, katika shauri hili swali la mahakama halikuwa lile la wanafunzi wako. Baada ya vita majeshi ya washirika yaliikabidhi serikali ya Uholanzi picha hizo ili zirudi kwa wenyewe. Mwaka 1952 mjane wa Goudstikker alipatana na serikali kuhusu sehemu tu ya mali, bila kudai zile zilizopitia mikononi mwa Göring. Mwaka 1966 serikali ikamuuzia picha za Cranach mtu wa ukoo wa Stroganoff wa Urusi, aliyedai kwamba zilikuwa za ukoo wake, naye ndiye aliyewauzia Wamarekani. Mkwe wa Goudstikker alipofungua kesi, mahakama ya rufaa mwaka 2018 haikusema hata mara moja kwamba Göring alizipata kwa haki. Ilisema kuwa uuzaji wa 1966 ulikuwa tendo rasmi la dola ya kigeni, ambalo mahakama ya Marekani haina mamlaka ya kulibatilisha. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilikataa kulisikiliza shauri.

Linalonisikitisha ni kwamba serikali hiyohiyo ya Uholanzi iliwarudishia warithi kazi 202 mwaka 2006. Mwenye mali ni mmoja na mporaji ni yuleyule, lakini kilichorudi ni kile tu ambacho serikali haikuwa imekiuza.

MjukuuWaUnyanyembe (Tabora)

Shikamoo Mwalimu. Waulize wanafunzi wako ng'ombe wa wizi akikutwa kwa mtu aliyemnunua mnadani, anabaki kwa nani. Anarudi kwa mwenyewe, na mnunuzi anamfuata aliyemuuzia amdai fedha zake, kwa kuwa mwizi hawezi kumpa mtu haki asiyokuwa nayo. Sioni kwa nini picha ya Cranach ipewe heshima ndogo kuliko ng'ombe. Hoja ya muda nayo sikubaliani nayo kabisa, maana familia iliyofukuzwa na kutawanyika haiwezi kulaumiwa kwa kuchelewa kudai.

BintiUjiji

Naafiki, ila tusisahau kwamba mara nyingi kinachoamua ni nguvu ya aliyeshinda. Mwaka 1797 askari wa Napoleon waliichukua Harusi ya Kana, mchoro wa Paolo Veronese wenye upana unaokaribia mita 10, kutoka ukumbi wa chakula wa watawa wa San Giorgio Maggiore, Venice. Waliukata vipande ili uweze kusafirishwa. Napoleon aliposhindwa mwaka 1815, kazi nyingi zilirudi Italia, ukiwemo mchoro wa Raphael wa Yesu kugeuka sura. Ule wa Veronese ulibaki Louvre, makumbusho ya Paris, kwa hoja kwamba ungeharibika njiani, na Venice ikapewa mchoro wa Charles Le Brun badala yake. Waliothubutu kuukata wakati wa kuuchukua ndio waliouhurumia wakati wa kuurudisha! Tangu 2007 ukumbi ule una nakala ya ukubwa uleule.

MwalimuWaKazeh (Tabora)

Marahaba, mjukuu, nawashukuru nyote. Je, hakuna mkataba wa kimataifa unaoweza kuyabana makumbusho?

WakiliMwanga (Kigoma)

Zipo Kanuni za Washington za 1998, zilizokubaliwa na nchi 44, zinazotaka ufumbuzi wa haki kwa mali iliyoporwa na Wanazi, lakini hazina nguvu ya sheria. Mkataba wa UNESCO wa 1970, unaopinga biashara haramu ya mali ya utamaduni, nao haurudi nyuma kugusa yaliyotokea kabla yake. Kwa hiyo makumbusho yanayomiliki mali ya namna hii yanaweza kushinda mahakamani, na bado yakawa na uhuru kamili wa kuirudisha kwa hiari. Wanafunzi wako wajadili hapo, Mwalimu: kama Norton Simon wanaweza kurudisha na hawataki, sababu yao ni ipi?