Mteja anaweka miadi halafu haonekani: mnabanaje? Tupeane uzoefu

Msusi_Mbagala: Wakuu, nasuka nyumbani. Rasta ndogo zinakula masaa sita mpaka nane, kwa hiyo mteja mmoja asipotokea siku nzima imekufa, na mwingine nilishamkataa. Ukimpigia: "Nipo njiani dada." Njia gani hiyo isiyofika! Siku hizi nadai kishika nafasi 10,000 kwenye simu kabla sijaandika jina. Kuna walionuna, ila wanaolipa wanakuja. Nyie mnafanyaje?

Fundi_Tanga: Sisi mafundi cherehani ndio tunaosemwa kwa "njoo kesho", lakini wateja nao! Kitambaa kinaletwa siku mbili kabla ya Idi, tena cha familia nzima. Mimi Ramadhani ikifika 15 nafunga daftari. Tarehe ya kuja kujaribu naiandika kwenye risiti. Usipokuja, nguo yako inarudi mwisho wa foleni.

Dereva_Ngara: Huku Rusumo kuna balaa lake. Rwanda wako nyuma yetu saa moja, na simu ikinasa mtandao wa ng'ambo inajigeuza yenyewe. Wakala akisema tuonane saa tatu, namuuliza kwanza: ya Kigali au ya Dar?

Mtandaoni_Arusha: Afadhali yako, mpaka wako hauhami. Nafanya kazi na Wajerumani. Wao husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, Oktoba wanairudisha. Kikao cha saa tano asubuhi kwetu ghafla kinakuwa saa nne. Naandika 10:00, naweka na jina la mji.

Nesi_Meno: Niwatetee wateja kidogo. Kliniki ninayofanyia kazi ilikuwa inawaandikia wote saa mbili asubuhi, wa mwisho anaingia kwa daktari saa nane mchana. Wakazoea, wakawa wanakuja saa sita. Utawalaumu? Tulipoanza kuwagawa kila nusu saa, na kuwatumia ujumbe jioni ya kuamkia siku yenyewe, wengi wakaanza kufika kwa wakati. Asiyeweza anajibu mapema, nafasi anapewa mwingine.

Msusi_Mbagala: Nesi, hilo la ujumbe naanza leo. Sasa aliyepatwa na msiba, kishika nafasi chake narudisha?

Fundi_Tanga: Wa msiba mhamishie siku nyingine, na pole umpe. Wa "mvua ilinyesha" asahau.

Msusi_Mbagala: Na anayefiwa na bibi yuleyule mara mbili?