Naomba ushauri: meno ya utafiti yanayeyuka na kuganda upya

Shikamooni wakubwa zangu. Niko Kampala, nasomea udaktari wa meno. Nachunguza jinsi dawa ya kuzibia jino inavyoshika kwenye dentini (sehemu ya jino iliyo chini ya ganda la nje), na wagonjwa wametia saini kuniachia magego yao yaliyong'olewa. Nayasafisha, nayaloweka wiki moja kwenye kloramini-T (dawa ya kuua vijidudu) ya asilimia 0.5 katika nyuzi 4, kisha nayagandisha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Fomalini, ile dawa ya kuhifadhia viungo, naiogopa, inabadilisha kolajeni (protini iliyo ndani ya dentini). Shida ni umeme: ukikatika usiku kucha barafu inayeyuka, ukirudi yanaganda tena. Je, enameli, lile ganda gumu la nje la jino, itaingia nyufa? Niyaondoe kwenye utafiti, au niyahamishie kwenye maji yaliyokenekwa ndani ya friji? Watu wameniamini na meno yao, inaniuma yakiharibika.