Tupeane uzoefu: waliofuga nyoka hapa Mombasa, raha na taabu zake

Mwana wa Kibokoni
Assalaam aleikum, na wengine habari za jioni. Kila nikitaja nyoka barazani, mazungumzo huishia kwenye majini na mapanga. Mie napenda kusikia na upande wa pili. Najua humu mna watu waliokaa na nyoka kwa karibu: wenye vibali, waliofanya kazi kwenye bustani za nyoka, waliofuga ng'ambo, hata walioolewa nyumba yenye nyoka. Tupeane uzoefu.

Neno moja kabla ya yote. Hapa Kenya nyoka ni mnyamapori. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 huwezi kumuokota shambani, ukamtia kwenye kasha ukasema ni wako. Kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kwanza. Nalisema mapema ili kijana asisome hapa akaenda kufukua mashimo Kisauni.

Fundi wa Bamburi
Wa aleikum salaam. Mie nimewatunza nyoka kwa ajira, kwenye bustani ya watalii huku pwani ya kaskazini. Chatu, swila, moma, hata ukukwi yule wa kijani asiye na sumu, wote wamepita mkononi, wale wa sumu kwa fimbo ya ndoano na mlango umefungwa.

Raha yangu kubwa ni wakati wa kujivua gamba. Siku kadhaa kabla, rangi hufifia na macho huingia ukungu wa buluu. Hapo simshiki wala simpi chakula, maana haoni vizuri na huwa mkali. Macho yakitakata, ujue karibu. Ataanza kusugua pua kwenye jiwe au gogo mpaka gamba lipasuke midomoni, kisha apenye mbele polepole huku gamba likibaki nyuma limegeuka ndani nje kama soksi. Liinue juani ulitazame. Utaona vioo viwili vidogo vya macho, kwa sababu nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba angavu, nalo hutoka pamoja na mengine. Mie hukagua hapo kila mara. Kioo kikikosekana kimebaki jichoni, na kikiachwa kinaweza kumharibia jicho. Gamba likitoka vipande vipande, aghalabu hewa ya kasha ni kavu mno au mnyama hana afya.

Taabu ni chakula. Nyoka hali ugali wala makombo ya biriani. Wengi wa kufugwa wanataka panya kamili, asiyezidi sana unene wa kiwiliwili cha nyoka mwenyewe, na awe ameshauawa. Panya hai akiachwa usiku na nyoka asiye na njaa, atamtafuna yeye nyoka. Nimemuona chatu katafunwa mgongo hadi uti unaonekana, na jambo lile liliniuma sana. Wala usilete panya wa mtaroni, huenda kala sumu. Yakupasa ufuge panya weupe, kwa hivyo unafuga mara mbili. Akishakula, muache siku mbili hivi bila kumshika, la sivyo hutapika.

Mama wa Tudor
Fundi kasema ya nyoka, niacheni niseme ya watu. Mume wangu ana kibali, anafuga nyoka wa nyumba, wale wa kahawia wasio na sumu wanaokula panya na mijusi. Nyoka wenyewe hawajanisumbua hata kidogo. Walionisumbua ni majirani.

Mwenye nyumba wa kwanza alituambia tuhame kabla ya mwezi kwisha, kibali hakutaka hata kukitazama. Tulipohamia hapa, mtoto wa jirani akipata homa ni sisi. Umeme ukikatika ni sisi. Mmoja alinisimamisha kwenye ngazi: "Wamfuga jini ndani ya nyumba na watoto walala?" Nililia siku ile, siwafichi.

Kilichosaidia ni kuwaita. Tulibandika nakala ya kibali mlangoni pa chumba cha nyoka, tukatia kufuli, halafu alasiri moja nikapika mahamri na mbaazi, nikawaalika kina mama wa jengo zima. Mume wangu akamtoa jike mmoja mpole, akamshika yeye, hakuna aliyelazimishwa. Bi mkubwa wa ghorofa ya chini, mtu wa makamo kweli, ndiye aliyetoa kidole cha kwanza. Akakaa kimya. Kisha akasema, "Kumbe mkavu!" Maskini, miaka yote akidhani nyoka ana utelezi. Akauliza, "Yuwala nini huyu?" Tukamwambia panya. Tangu siku hiyo ndiye anayetutetea, na mtoto wa mtu akitupa jiwe dirishani petu humgombeza yeye kabla yangu.

Wapo ambao hawakuja na hawatakuja. Nawaelewa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na jirani mmoja ndugu yake alifariki shamba kwa swila. Huyo simwambii neno. Nahakikisha tu kufuli imefungwa.

Nilirudi Juzi
Mie nilifuga Uingereza, Leicester, nikiwa nasoma. Alikuwa chatu mfalme, mdogo yule wa Afrika ya Magharibi anayejiviringa mpira akiogopa. Kule kazi ni joto. Baridi ikiingia, lazima awe na mkeka wa umeme chini ya kasha na kifaa cha kupima joto kisichozima, upande mmoja moto na mwingine baridi, achague mwenyewe. Mombasa hilo halikusumbui kabisa.

Alikuwa na tabia ya kugoma kula miezi kadhaa wakati wa baridi. Mara ya kwanza sikulala. Daktari wa wanyama akanituliza: kama uzito haushuki na hapumui kwa taabu, aina hiyo ndivyo ilivyo.

Wanaotaka kufuga wafikirie umri. Mwaka 2020, kwenye bustani ya wanyama ya Saint Louis kule Marekani, chatu mfalme aliyekadiriwa kupita miaka 60 alitaga mayai 7, na hakuwa amekaa na dume kwa zaidi ya miaka 15. Unamchukua ukiwa kijana, huenda wajukuu ndio watakaomrithi. Wangu nilimkabidhi rafiki mwenye uzoefu nilipokuwa narudi. Kumvusha mpaka kunataka vibali vya nchi zote mbili, na kumwachia porini ni dhuluma kwa nchi ya watu. Huko Florida, chatu wa Burma waliotoka mikononi mwa wafugaji wamezaliana mabwawani mpaka wanyama wa asili wanamalizwa.

Kijana wa Likoni
Mie naogopa hata mjusi kafiri, lakini nimesoma yote. Swali langu: nyoka anamjua mwenyewe?

Fundi wa Bamburi
Huzoea harufu na mikono. Ule ulimi hautishii mtu, anaonja hewa ajue nani kaja. Akizoea hutulia mkononi. Lakini mapenzi ya paka usiyatarajie. Mie nampenda hivyo hivyo, bila kumdai.

Wa Mtwapa
Naongeza la hewa yetu. Nilisaidia kutunza wale nyoka wafupi wa mchangani, rangi ya machungwa na mabaka ya kahawia, ambao wataalamu huwaita boa. Wazungu wanawafuga sana makwao na asili yao ni huku kwetu Afrika ya Mashariki, kwenye nchi kavu. Watu huwaua wakidhani ni moma kwa ule unene, na hawana sumu hata chembe. Kutwa kajizika, pua na macho tu ndio yako juu ya mchanga. Hawatagi, huzaa watoto kabisa.

Mnyama wa nchi kavu ukimleta Mtwapa wakati wa masika, mchanga hunyonya unyevu wa bahari. Tumboni magamba huanza kuwa mekundu, kisha hupata vidonda. Tulikuwa tukibadilisha mchanga mara kwa mara, bakuli la maji dogo na zito lisipinduke, na matundu ya hewa pande zote mbili za kasha. Ukiona povu mdomoni au anapumua kinywa wazi, hayo ni mapafu, mtafute daktari wa wanyama. Na kumpata anayekubali kumtibu nyoka hapa mjini ni kazi, afadhali umtafute kabla hujamhitaji.

Muuguzi wa Changamwe
Nawaheshimu nyote, lakini wa sumu msiwaguse nyumbani, kibali au bila kibali. Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 liliweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya maradhi ya kitropiki yaliyosahauliwa, na sisi wauguzi twajua kwa nini. Mtu anafika kafungwa kamba hadi mkono umekufa ganzi, kachanjwa kwa wembe, kabandikwa jiwe la nyoka, na saa zimepita. Vua pete na bangili, kiungo kisitikisike, nenda hospitali. Basi. Na mkimuona nyoka muembeni au mkanjuni msisogee kutazama kama ni ukukwi. Nyoka aitwaye mamba wa kijani, mwenye sumu kali, hupenda miti hiyo hiyo.

Mkitaka kuwaona salama, Watamu kuna bustani ya nyoka ya Bio-Ken, tangu 1980. Wapelekeni watoto.

Kijana wa Likoni
La mwisho. Mkienda Lamu kwenye Maulidi, nani hubaki naye?

Mama wa Tudor
Ndiyo raha nyingine hiyo, mwanangu. Nyoka mzima, mwenye afya, wiki moja au mbili bila chakula si neno kwake, paka hangekusamehe. Maji ndiyo asiyakose. Sisi ufunguo humwachia shemeji aliyefundishwa, si jirani yeyote. Mlangoni tunaandika: aina yake, hana sumu, kala lini mara ya mwisho, usimlishe, badilisha maji tu, nambari ya simu hii. Na bi mkubwa wa chini hupanda jioni kuhakikisha kufuli imeshika.