Familia tisa, shimo moja la choo: tuanzie wapi?

Mpangaji wa Mbagala: Habari zenu, wakuu. Tunaishi familia tisa hapa Dar es Salaam katika nyumba moja yenye mita moja ya umeme wa LUKU, na shimo la choo limejaa tangu kabla ya masika, kiasi kwamba mvua ikinyesha maji machafu hufika hadi tunapopikia. Anayelalamika peke yake huambiwa kwamba akichoka ahame. Je, tukiungana, sheria inatulinda?

Mzee wa Temeke: Ndugu yangu, Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya Pango ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo ngao yenu ni mkataba wa maandishi na stakabadhi za kodi, bila hivyo, hata mkifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya mtakuwa na maneno matupu. Andikeni barua moja, mtie saini wote, na nakala mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa.

Bi. Mpangaji: Mwaka 1915 wapangaji wa Glasgow, kule Scotland, wakiongozwa na wanawake kama Mary Barbour, waligoma kulipa nyongeza ya kodi, na kabla ya mwaka kwisha Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuizuia. Sisi tuliokwisha kulipa miezi sita kwa mkupuo (na dalali juu yake) tutagomea nini?

Mpangaji wa Mbagala: Hilo ndilo linalotusumbua, kwani mikataba yetu inaisha miezi tofauti. Barua tumeiandika jana usiku. Saba wametia saini, wawili wanaogopa.